Binti Akivuja Damu, Tusibishane Mlangoni

SOMO LA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA – SHINYALU

Kusudi la somo: Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze (a) kueleza kwa maneno yake mwenyewe sheria ya Kenya inasema nini juu ya kutoa mimba, (b) kutaja dalili za hatari zinazotaka mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, (c) kutaja haki za msichana mwenye mimba ambazo sisi sote tunakubaliana nazo.

Muda: Saa moja na nusu. Mtu mmoja asome kwa sauti, polepole. Akifika kwenye maswali, asimame na kuwaacha wengine waongee. Akina baba wawepo pia. Hili si somo la akina mama peke yao.

Wapendwa wanakikundi,

Kwa miaka mingi tumekuja kwenu na masomo ya kuku wa kienyeji, kulinda chemchemi, ng'ombe wa maziwa na kuandika kitabu cha akiba. Somo la leo ni gumu zaidi. Wengine watasema, ati, jambo hili si la kuandikwa katika gazeti la kanisa. Tumeliandika kwa sababu ya mambo tuliyoyaona kwa macho yetu. Na wazee walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

1. JAMBO LILILOTOKEA

Tulikwenda kutembelea kikundi kimoja, kilomita chache kutoka soko la Shinyalu. Hatutataja kijiji wala jina la mtu. Tulikuta akina mama wamesimama nje ya nyumba ya mwenzao mmoja, nyanya anayelea wajukuu. Hakuna aliyekuwa amefungua kitabu cha akiba siku hiyo. Mlango ulikuwa umefungwa nusu, na watu walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini.

Ndani alikuwa binti wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha pili. Alikuwa anavuja damu kwa siku ya tatu. Alikuwa amekunywa dawa aliyopewa na mtu, na hakutaka kumtaja. Aliyempa mimba alikuwa mtu mzima wa boma la jirani, mwenye mke na watoto. Wazee walikuwa wamekwisha kukaa kikao juu yake, wakakubaliana alete ndama na mambo yaishe.

Shangazi yake alikuwa akisema, "Tukimpeleka hospitali, polisi watamfunga, na sisi pia." Mama mwingine akasema, "Lakini si katiba ilikubali kutoa mimba? Nani atamfunga?" Wa tatu akasema, "Hata kama. Kanisani tutasema nini?" Na wakati huo wote, damu ilikuwa inatoka.

Aliyemaliza ubishi ni mweka hazina wa kikundi. Alichukua shilingi 1,500 kwenye sanduku la dharura, akaita gari, akasema, "Tutaulizana baadaye. Sasa tubebe mtoto." Binti alifika hospitali akiwa hawezi kusimama. Aliongezwa damu. Alipona, lakini kizazi kilikuwa kimeoza na madaktari wakalazimika kukiondoa. Kama angefika siku ya kwanza, mambo huenda yangekuwa mengine.

Tulirudi nyumbani tukiwa na aibu. Tulikuwa tumekifundisha kikundi hicho kwa miaka mitatu, na hata siku moja hatukuwa tumetaja jambo hili. Hilo ni kosa letu, na somo hili ni njia yetu ya kulirekebisha.

Maswali ya kwanza

(i) Watu waliosimama mlangoni waliogopa vitu gani? Vitajeni kimoja kimoja.
(ii) Katika kijiji chetu, jambo kama hili likitokea leo usiku, nani ataamua? Na atachukua muda gani?

2. UBISHI HUU ULITOKA WAPI?

Sheria ya Kenya dhidi ya kutoa mimba ililetwa na Waingereza wakati wa ukoloni. Imo katika Kanuni za Adhabu, Sura ya 63. Inasema kwamba mtu anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 14. Mwanamke mwenyewe anaweza kufungwa hadi miaka 7. Anayemletea dawa au vyombo vya kufanyia hivyo, hadi miaka 3.

Ubishi mkubwa ulikuja wakati wa kuandika katiba mpya. Makanisa mengi, na sisi Wakatoliki tukiwemo, tulitaka katiba iseme wazi kwamba uhai unaanza mimba inapotungwa. Madaktari wengi na mashirika ya kutetea haki za akina mama wakasema: akina mama wanakufa vijijini, lazima pawe na nafasi ya kuokoa uhai na afya yao. Mwishowe kifungu cha 26 kikabeba maneno ya pande zote mbili. Maaskofu wetu hawakuridhika, wakawaambia waumini wapige kura ya La. Tarehe 4 Agosti 2010 wananchi walipiga kura, kijani ikawa Ndiyo na nyekundu ikawa La. Ndiyo ilipata karibu kura 67 katika kila 100. Hapa Magharibi pia, wengi walichagua kijani, Wakatoliki wengi wakiwa miongoni mwao.

Tangu siku zile za kampeni, vijijini kumebaki maneno mawili. Moja linasema, "Katiba imeruhusu kutoa mimba." La pili linasema, "Ukienda hospitali ukivuja damu, utafungwa." Yote mawili ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli inaweza kuua. La kwanza linampeleka msichana kwa mtu wa vichochoroni, akidhani ni ruhusa. La pili linamzuia asitoke nyumbani anapokuwa anakufa.

3. SHERIA INASEMA NINI HASA?

Hebu tusome pamoja kwa lugha nyepesi. Kifungu cha 26 cha Katiba kinasema mambo haya:

– Kila mtu ana haki ya kuishi.
– Uhai wa mtu unaanza mimba inapotungwa.
– Kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa kama mhudumu wa afya aliyefundishwa anaona kwamba mama anahitaji matibabu ya dharura, au uhai wa mama au afya yake iko hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu.

Mhudumu aliyefundishwa ni nani? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaja: awe daktari, afisa wa kliniki, muuguzi au mkunga, aliyepata mafunzo yanayotambulika. Mwuza dawa wa sokoni hayumo. Mama mzee mwenye mizizi hayumo. Rafiki wa shuleni mwenye tembe kwenye karatasi hayumo.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo lingemsaidia yule binti. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura. Hakisemi "mtu mwema" wala "mtu asiye na kosa". Kinasema mtu. Damu ikitoka, mgonjwa ni mgonjwa, iwe mimba imeharibika yenyewe au imeharibiwa. Kazi ya mhudumu ni kuzuia damu, kusafisha kizazi na kuzuia uchafu usiingie mwilini. Kumtibu mtu huyo si kutoa mimba.

Je, hofu ya polisi ni ya bure? Hapana, tusidanganyane. Mwaka 2019, katika kaunti ya Kilifi, msichana wa shule aliyekwenda kutafuta matibabu alikamatwa pamoja na afisa wa kliniki aliyemhudumia. Mwezi Machi 2022, Mahakama Kuu ya Malindi ilisema walikamatwa isivyo haki, ikafuta mashtaka, na kesi ikasonga mbele kwa rufaa. Kwa hiyo mambo kama hayo yamewahi kutokea. Lakini pimeni wenyewe. Kesi ina wakili, ina hakimu, ina rufaa. Kaburi halina rufaa.

Kesi ya yule binti wa Kisii

Kuna kesi nyingine inayotuhusu sana, kwa kuwa ilianzia huku kwetu magharibi mwa nchi. Mwaka 2014, msichana wa miaka 14 kutoka upande wa Kisii alinajisiwa na mtu mzima, akapata mimba. Mimba ikatolewa kwa njia isiyo salama. Alihamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, figo zikaharibika, na mwaka 2018 akafariki. Mama yake, pamoja na chama cha mawakili wanawake, FIDA, walikwenda Mahakama Kuu Nairobi.

Majaji watano walitoa hukumu Juni 2019. Walisema Wizara ya Afya ilikosea ilipoondoa mwongozo wake wa mwaka 2012 uliowaelekeza wahudumu, na kupiga marufuku mafunzo yao. Walisema pia kwamba mimba iliyotokana na kunajisiwa au kubakwa inaweza kuingia katika ile nafasi ya Katiba, ikiwa mhudumu aliyefundishwa anaona uhai au afya ya mama, ya mwili au ya akili, iko hatarini. Mama wa marehemu akapewa fidia ya shilingi milioni 3. Mahakama hiyo haikusema kila mimba inaweza kutolewa kwa kupenda tu.

Maswali ya pili

(i) Kabla ya leo, uliwahi kusikia nini juu ya sheria hii? Ulikisikia kwa nani?
(ii) Mtu akikuambia "imeruhusiwa," utamjibu nini? Akikuambia "utafungwa ukienda hospitali," utamjibu nini?

4. NA KANISA LETU LINASEMA NINI?

Katika vikundi vyetu wamo Wakatoliki, Marafiki, watu wa Jeshi la Wokovu, Wapentekoste na Waislamu. Kila mmoja ana mafundisho yake. Sisi tunaoandika ni Wakatoliki, na hatutaficha msimamo wetu. Tunaamini mtoto aliye tumboni ni mtu, na kumwua ni kosa kubwa. Hukumu ya mwaka 2019 haikubadili imani yetu.

Lakini imani hiyohiyo inatuambia mambo mawili ambayo hatuyasemi mara nyingi kanisani. La kwanza: kumtibu mama anayekufa si dhambi. Mimba ikishika nje ya kizazi, kwenye mrija, daktari anaweza kuondoa mrija ulioharibika ili mama asife, hata kama mtoto hataokoka. Nia yake ni kutibu, si kuua. La pili: anayeanguka ana mlango wa kurudi. Mwezi Novemba 2016, Papa Fransisko aliwapa mapadre wote ruhusa ya kudumu ya kumwondolea dhambi hii mtu anayetubu. Kabla ya hapo, kwa kawaida ruhusa ilitoka kwa askofu. Basi yule mama aliyeuliza "kanisani tutasema nini?" jibu lake ni hili: mpeleke hospitali kwanza, Padre atakuwepo.

Someni pia Injili ya Yohana sura ya 8, habari ya mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu. Aliletwa peke yake. Mwanamume hakuonekana. Jiulizeni alikuwa wapi. Hata katika jambo letu la Shinyalu, binti alikuwa sakafuni na mwanamume alikuwa kwake, akitafuta ndama.

5. HAKI AMBAZO HATUBISHANI JUU YAKE

Utafiti wa Wizara ya Afya na watafiti wenzake, uliotolewa mwaka 2013, ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba karibu 465,000 zilitolewa nchini Kenya, na akina mama karibu 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yaliyofuata. Hesabu hii ni ya wakati ambapo adhabu ya miaka 7 ilikuwa imeandikwa. Adhabu peke yake haikuwazuia. Ukiwauliza wasichana kwa nini, wengi watakuambia: shule ingekwisha, mwanamume alinikana, baba angenifukuza. Ikiwa kweli tunataka watoto hawa wazaliwe, tuanze hapo. Ziko haki tatu ambazo Mkatoliki na wakili wa FIDA watakaa meza moja wakakubaliana.

Haki ya kwanza: Kulindwa asinajisiwe. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, iliyopelekwa Bungeni na Mheshimiwa Njoki Ndung'u, inasema mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kukubali kulala na mtu mzima. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 16 au 17 anaweza kufungwa miaka 15 au zaidi. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, ni miaka 20 au zaidi. Akiwa na miaka 11 au chini yake, kifungo ni cha maisha. Tena sheria haiwapi wazee ruhusa ya kufuta kesi hiyo kwa ndama au kwa pesa. Wazee wetu tunawaheshimu. Wanasuluhisha mipaka ya shamba, wanasuluhisha mahari. Lakini ndama hawezi kulipa kizazi cha mtoto.

Haki ya pili: Kurudi shule. Serikali ilitoa maagizo tangu mwaka 1994 kwamba msichana aliyejifungua aruhusiwe kurudi shuleni. Mwongozo mpya ulitolewa mwaka 2020. Mwalimu mkuu akikataa, mzazi aende kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Asiende peke yake. Aende na mwenyekiti wa kikundi.

Haki ya tatu: Matunzo kutoka kwa baba wa mtoto. Hapa kuna historia ambayo wengi hatuijui. Mwaka 1959 Kenya ilipata sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumpeleka baba wa mtoto mahakamani atoe matunzo. Mwaka 1969 Bunge liliifuta. Wakati huo hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa Bungeni. Mama Grace Onyango wa Kisumu, wa kwanza, alichaguliwa mwishoni mwa mwaka huohuo. Wasichana wa Kenya wakakaa miaka mingi wakibeba mzigo peke yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ilirudisha haki hiyo: mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama sawasawa, wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inafuata njia hiyo. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya watoto ya kaunti ndogo.

6. KIKUNDI KIFANYE NINI?

(a) Jueni dalili za hatari. Damu inayolowesha pedi mbili au zaidi kwa saa moja. Homa au kutetemeka. Maji yenye harufu mbaya. Tumbo kuuma sana. Kizunguzungu au kuzimia. Ukiona hata moja, usingoje asubuhi.

(b) Msimpe dawa nyingine nyumbani. Mfunikeni asipate baridi, alazwe, na safari ianze. Mhudumu akiuliza amekunywa nini na lini, mwambieni ukweli wote. Mkificha, atatibu ugonjwa usiokuwepo.

(c) Muwe na sanduku la dharura. Kila mwanakikundi aweke shilingi 20 kwa mwezi, mbali na akiba ya mzunguko. Mweka hazina awe na ruhusa ya kutoa pesa hizo bila kungoja mkutano. Muandike pia simu za watu wawili wenye gari au pikipiki wanaokubali kuitwa usiku.

(d) Mtoto akinajisiwa, afike hospitali ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, ili apewe dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Asioshwe kwanza. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Matibabu kwanza, kisha polisi. Simu za msaada ni 116 kwa watoto, na 1195 kwa dhuluma za kijinsia. Zote hazilipiwi.

(e) Chagueni shangazi wa kikundi: mama mmoja anayejua kufunga mdomo, ambaye msichana yeyote anaweza kumwendea kabla hajamwendea mwenye mizizi. Msichana akimjia na kusema "nina mimba," neno la kwanza lisiwe "Umetuaibisha." Liwe "Keti. Umekula?"

Maswali ya mwisho

(i) Kati ya mambo matano hapo juu, ni lipi tunaloweza kulianza wiki hii?
(ii) Akina baba: mtafanya nini ndama akiletwa tena?
(iii) Nani atakuwa shangazi wetu? Tumchague kabla hatujaondoka.

Katibu aandike maazimio kwenye kitabu cha kikundi, na tukija kuwatembelea tutaomba kuyaona.

Yule binti amerudi shule. Hatazaa tena, na yeye mwenyewe anajua. Siku moja nyanya yake alituuliza, "Kama mngekuja na somo hili mapema?" Hatukuwa na jibu. Basi nyinyi mlilonalo leo, msilifunge kwenye kabati pamoja na kitabu cha akiba. Wasomeeni na majirani wasio wanachama.